Filimbi Ndani ya Redio ya Jirani

Ndugu zangu, mama zangu, wazee wangu, nawasalimu wote. Kwanza naomba radhi kwa yule dada aliyeniwekea kiti cha mbele, maana nimekirudisha hapa karibu na mlango. Si dharau. Wanaokuja kila Alhamisi wananijua, mimi hukaa mlangoni, iwe kanisani, iwe arusini, iwe hospitali. Nikikaa ndani sana halafu nikasikia gari linasimama nje, hata chai hainishuki. Leo nitawaambia kwa nini. Na hiki nilichokifunga kwenye kitenge nitakifungua mwishoni, kwa hiyo wewe mzee wa kofia acha kuchungulia, nimekuona.

Majina sitataja. Wengine wamekufa, wengine wana watoto hapa mjini, na watoto hawakufanya kitu.

Mimi nimezaliwa kambi ya polisi. Baba yangu alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na kule kambini kila chumba kilikuwa na kabila lake, ndiyo maana sote tulikua na Kiswahili. Jeshi liliposhika nchi, polisi wa kwao wakatiliwa shaka, na walikuja kumchukua baba asubuhi, kweupe. Mama yangu alikuwa bombani anafua, pamoja na wanawake wenzake. Baba alipitishwa mbele yao, mikono nyuma, na wale wanawake wote wakatazama nguo zao. Hakuna aliyeinua kichwa, hakuna aliyeuliza hata anapelekwa wapi. Baba hakurudi. Mpaka anakufa, mama yangu akikasirika hakuwataja wale askari. Aliwataja wenzake wa bombani. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa.

Baada ya hapo nikaenda kufanya kazi ya ndani kwa familia ya Kihindi, mtaa wa Nakasero. Baba wa nyumba alikuwa fundi wa redio, ana duka mjini, na jioni alileta kazi nyumbani. Macho yake yalikuwa yamechoka, basi mimi nikimaliza vyombo niliitwa nimshikie tochi. Nilishika tochi mpaka nikaanza kuona anachokiona yeye. Siku moja akaniuliza kwa mchezo tu, hapa pameharibika nini, nami nikamwonyesha kwa kidole. Alicheka sana akamwita mkewe. Toka siku hiyo akawa ananipa redio zisizo na mwenyewe nizichezee.

Wahindi walipoamriwa kuondoka, mnajua mambo yalivyokuwa. Yeye aliondoka na sanduku la nguo. Mimi aliniachia chuma cha lehemu, koleo ndogo na kopo la skrubu, akasema tochi ninunue mwenyewe. Alikuwa anatania huku machozi yanamtoka.

Miezi ile, ndugu zangu, nyuma ya zile nyumba za Nakasero kulikuwa na malundo. Watu walibeba makochi, friji, vitanda. Mimi nikaokota wasivyovitaka wengine, redio zilizopasuka tumbo, gramafoni zisizo na mkono, pasi zilizoungua. Nilikuwa nimeolewa tayari, tunakaa Kyebando kwenye nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango, ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole. Nilizileta huko kidogo kidogo ndani ya kikapu, juu nimeweka nyanya. Asubuhi niliuza nyanya sokoni, jioni nikakaa na redio zangu.

Sikuwa fundi wa kulipwa. Wengine hupenda kusuka, wengine hupenda umbeya, mimi nilipenda kitu kilichotupwa kiseme tena. Lehemu haikupatikana, basi niliiyeyusha kutoka kwenye redio zilizokufa kabisa. Umeme ulikuwa haueleweki, hivyo chuma nilikipasha kwenye sigiri ya makaa, pembeni ya sufuria ya maharage. Betri ndiyo usiseme. Tulizianika kwenye mabati zipate jua, na jioni zinakupa nusu saa ya nguvu kabla hazijalala. Mtoto wa siku hizi ukimwambia tulianika betri anadhani unamdanganya.

Mume wangu hakupenda. Alikuwa dereva wa lori la ndizi za matooke, barabarani siku zote, na barabarani aliona mambo ambayo hakunieleza. Alikuwa mpole, lakini kwa redio alikuwa hana upole. Aliniambia, "Mama, kitu kinachosema hakifai kukaa kwa watu wa sasa." Nilimjibu kwamba redio zangu zinasoma taarifa ya serikali kama za wengine. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Sasa, chumba cha mwisho akaja mpangaji mpya. Kijana, shati la maua, viatu vya soli ndefu vile vya wakati ule, miwani myeusi hata wingu likiwa limetanda. Hakuwa na kazi inayojulikana, lakini sukari alikuwa nayo. Nani alikuwa na sukari miaka ile? Tukaelewa kwamba ni mpelelezi. Watu wakaanza kuongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Wenye mgeni wakamwomba mgeni aende. Jioni alikuwa anakaa mlangoni kwake, redio nzuri mpya miguuni, anasikiliza taarifa, na hakuna aliyepita pale bila kumsalimu mara mbili.

Ikaja siku moja tukiwa bombani, wanawake watupu, tunangoja maji. Akaja na jagi lake. Akasema polepole, kama mtu anayeuliza bei ya ndizi, "Kuna mtu hapa iko natuma habari. Kila jioni redio yangu napiga firimbi. Fiii. Hiyo ni mashini ya kutuma. Mimi nitajua nani."

Akachota maji akaenda. Sisi tukabaki tumeshika ndoo. Kutuma habari nje miaka ile, mnajua maana yake. Hapakuwa na mahakama ya jambo hilo. Mtu alitiwa kwenye buti ya gari, na jamaa zake wakaanza kupita kuulizia maiti yake mtoni na msituni.

Mimi mwenyewe niliogopa kama wengine. Nikajiuliza ni nani huyu anayetuletea balaa. Nikawaza mwalimu wa chumba cha tatu, nikawaza yule bwana anayelala mchana. Nilimtilia shaka kila mtu. Nikaingia ndani, nikaweka chuma kwenye sigiri, nikafungua redio niliyokuwa naitengeneza. Nikazungusha kitufe kutafuta stesheni. Na kupitia ukutani, nikasikia redio ya kijana inapiga filimbi.

Nikasimamisha mkono, filimbi ikasimama. Nikazungusha kidogo, ikaanza. Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa sakafuni pale pale.

Niwaeleze kwa urahisi. Redio ni ya kupokea, haitumi neno lolote. Lakini ndani yake kuna sehemu inayotetemeka ili ipate stesheni, na ule mtetemo kidogo hutoka nje. Ndiyo maana watengenezaji huifunika kwa kifuniko cha bati. Mimi kile kifuniko nilikuwa nimekiondoa, nikakikata kuzibia koroboi iliyokuwa inavuja, kwa sababu bati lilikuwa tabu kupata. Na kwa kuwa redio yenyewe ilikuwa dhaifu, nilifunga eriali kwenye waya wa kuanikia nguo. Waya ule ulipita mbele ya milango yote, mpaka kwa kijana. Kila nikizungusha kitufe, redio yangu ilikuwa inampigia filimbi sikioni.

Nikazima. Nikatoa waya. Nikavifunga vyote ndani ya gunia, nikakaa juu ya gunia mpaka maharage yakaungua. Nikasema, basi, nimeacha, filimbi imekwisha na maneno yamekwisha.

Ndilo kosa nililofanya kwa hofu. Fikirini wenyewe. Alisema maneno yale bombani, mbele yetu sisi tu. Na jioni ileile filimbi ikanyamaza.

Kesho yake alirudi bombani, safari hii anatabasamu. Hakutafuta maji hata kidogo. Akasema, "Amesikia. Amenyamaza. Basi ni mama mmoja hapahapa." Akatutazama mmoja mmoja. Nilikuwa nakamua shuka, nikaendelea kulikamua muda mrefu baada ya maji kwisha. Akasema Jumamosi wakubwa wake watakuja kutafuta chumba kwa chumba, na akaondoka.

Siku zile zilizobaki sikulala na sikula. Mume alikuwa safarini. Kutupa vitu nisingeweza, maana jalala lilikuwa mbele ya mlango wa kijana. Nilifikiri kuvipeleka Ggaba nikavizamishe ziwani, lakini njiani kulikuwa na vizuizi, na askari wa vizuizi walikuwa wanamwaga vikapu. Redio moja nzima mtu angeelewa. Lakini gunia la redio zilizofunguliwa tumbo, nyaya zinaning'inia, ungemwambia nani kwamba ni mapenzi tu? Hata mimi nikiliangalia lile gunia lilikuwa linaonekana la mtu mbaya.

Chumba cha pili kutoka kwangu alikaa mama mmoja mtu mzima, Mnubi. Sote tulimwita Habuba, ndiyo bibi kwa Kinubi chao. Alikuwa anasuka vifuniko vya chakula vya rangi, chumba chake kimejaa majani hadi kitandani. Wanawe walikuwa askari wa jeshi lilelile. Kwa hiyo mimi, binti wa polisi wa kaskazini, nilikuwa namsalimu kwa heshima na kupita haraka. Nisingemwambia siri yangu hata kwa dawa.

Ijumaa akaniita nimsaidie kubeba majani. Nilipoingia akafunga mlango, akasema, "Binti yangu, mimi nalala nyuma ya ukuta. Miaka yote nasikia wewe nakwaruza kwaruza na vyuma. Leta hiyo vitu hapa."

Nikakana. Nikasema sijui anasema nini. Hakubishana. Alisogeza rundo la majani, akaonyesha nafasi aliyokwisha kuitengeneza, saizi ya gunia kabisa. Nililia, ndugu zangu. Nililia kwa sababu sikujua kama ananisaidia au ananitegea mtego, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikaleta gunia ndani ya beseni, juu nimefunika nguo chafu. Usiku kucha niliwaza kwamba nimejipeleka mwenyewe.

Jumamosi mchana gari likasimama. Mlio ule wa breki ndio ninaousikia mpaka leo. Waliingia askari, mkubwa wao koplo mnene mwenye jasho, na kijana mbele anawaongoza. Wakatutoa wote nje tukasimama ukutani. Wakaingia vyumba vyote. Magodoro yalichanwa, unga wa posho ulimwagwa. Kwangu walikuta sigiri, sufuria, vitenge na koroboi. Ile koroboi yenye kiraka cha bati koplo aliishika, akaigeuza geuza, akaitupa chini. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

Walipofika kwa Habuba, yeye walikuwa wamemwacha kwa uzee wake, amekaa mlangoni anasuka, kiredio chake kidogo kando kinamsomea Kurani. Akawaamkia kwa Kinubi, akawauliza mama zao hawajambo. Askari mmoja akaingia, akapiga teke majani ya mbele, akatoka akikuna mguu. Hawakufika kwenye gunia.

Basi koplo akakasirika. Ametoka mbali juani na hakupata kitu. Akamgeukia kijana, akataka kuisikia hiyo filimbi mwenyewe. Kijana akaleta redio yake nzuri, akaiweka palepale mlangoni kwa Habuba, akaiwasha, ikasema vizuri bila kosa. Akaanza kuzungusha kitufe, huku na huku, anatafuta. Kijasho kikamtoka chini ya miwani.

Na hapo, kiredio cha Habuba kikapiga filimbi.

Mimi nilijua palepale, redio mbili zikikaribiana hivyo hata kifuniko cha bati hakizuii mtetemo wote. Wengine iliwachukua muda. Kijana alizungusha tena, Kurani ikakatika, fiii. Koplo akainua mkono watu wote wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa anasema. Akamwamuru azungushe. Fiii. Aache. Kimya. Azungushe. Fiii.

Koplo akasema, "Kumbe ni wewe ndiye iko natuma."

Kijana akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaanza kujieleza, akataja majina ya wakubwa wake, akatoa kitambulisho. Mmoja akamnyang'anya, akamzaba kofi miwani ikaruka. Bila miwani alikuwa na macho ya mtoto wa shule. Wakamkamata mabega wanamvuta kwenye gari, na buti ilikuwa wazi. Kiatu kimoja cha soli ndefu kikamtoka kikabaki kwenye tope.

Ndugu zangu, nataka niwe mkweli kwenu. Moyo wangu wa kwanza ulifurahi. Nilipona! Yule aliyekuwa ananitafuta anachukuliwa badala yangu, na mimi nilikuwa sina la kufanya zaidi ya kunyamaza. Nikainamisha kichwa. Mbele yangu palikuwa na beseni la nguo nilizoacha asubuhi. Nikagundua kwamba natazama nguo. Nikainua macho, na wanawake wote pale ukutani walikuwa wanatazama chini kama mimi.

Nilimwona mama yangu, wazi kabisa, kama ninavyowaona ninyi.

Mdomo ukasema wenyewe. Nikasema, "Afande, huyo si mtumaji. Redio zote zinafanya hivyo."

Wakasimama. Koplo akaja mpaka mbele yangu, karibu, nikasikia harufu ya pombe ya waragi. Akaniambia nirudie. Nikarudia, sauti inatoka kama ya mtu mwingine. Mkojo ulikuwa umenitoka, sitaona haya kuwaambia, ulikuwa unashuka mguuni nikiwa nasema. Akaniuliza kama nataka kwenda na huyo bwana wangu. Nikasema si bwana wangu. Nikasema, "Afande, kama una redio kwenye gari, ilete ujaribu."

Watu walinitazama kama mtu aliyekwisha kufa. Lakini koplo alikuwa na redio. Ilikuwa inaning'inia kwenye kiti cha dereva. Akaletewa. Ikawashwa pembeni ya ile ya Habuba. Akashika kitufe kwa vidole vyake vinene, akazungusha. Kurani, Kurani, Kurani. Hakuna filimbi. Akazungusha tena, akinitazama mimi, si redio. Nikajua nimekwisha. Nikasema kwa sauti ndogo, polepole, afande, polepole. Akapunguza mkono.

Fiii.

Hapo, jamani, ndipo hofu ilipozidi. Maana nilikuwa nimeonyesha mbele ya askari wake kwamba koplo naye anatuma habari. Hata askari walitazamana. Habuba aliacha kusuka. Koplo akazungusha tena, fiii, tena, fiii. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika. Akacheka. Akacheka mpaka akashika mlango, na askari wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Akasema, "Basi mimi pia wanitie kwa buti."

Akaacha kucheka ghafla. Akaniuliza, "Wewe nani alikufundisha?"

Nikamwambia nilikuwa mtumishi kwa Mhindi wa redio, nilikuwa namshikia tochi. Akasema redio yake inakoroma, niitengeneze. Nikasema sina vyombo. Akauchukua mkono wangu. Akaugeuza kiganja juu, akaangalia vidole vyangu, na hapa kwenye ncha, mnaona, kuna makovu ya lehemu. Alikuwa anayagusa moja moja na kidole gumba.

"Haya ni ya nini?"

"Ya sigiri, afande."

Hata leo nikifumba macho naona zile kucha zake. Alikaa na mkono wangu kwa muda, ananitazama usoni. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa anachagua. Kisha akauachia, akasema twende, jua kali. Walimsukuma kijana akaanguka pale kwenye tope karibu na kiatu chake. Kile kiredio cha Habuba wakakichukua, na kuku wake wawili, na gari likaondoka.

Kijana hakuniambia asante. Hakunitazama tena usoni. Haikupita wiki, asubuhi moja chumba chake kilikuwa kitupu. Pale jalalani ilikuwa ile redio yake nzuri, amepasua tumbo lake kwa kitu kizito. Niliiokota kwa mazoea tu, nikaiweka chini ya kitanda.

Sikuitengeneza. Mnadhani nilikuwa shujaa, sivyo? Nisikilizeni. Siku ile ndiyo niliyoanguka. Mikono ilianza kutetemeka na haikuacha. Mume aliporudi nilimwomba alitoe gunia kwa Habuba azike vyombo vyote, naye akavizika. Nikaacha soko, kwa sababu sokoni magari husimama. Hata utawala ule ulipoanguka na watu wakacheza barabarani, mimi nilikuwa ndani nimefunga mlango. Mtu akiwasha redio, nilitoka. Nilikuwa mama wa watoto waliokua bila redio nyumbani, mpaka wakadhani ni mambo ya dini. Habuba alipofariki, maziko yake nilisimama mbali, barabarani. Hiyo inaniuma kuliko yote.

Mume wangu kabla hajafa alinionyesha mahali alipozika vyombo, chini ya mgomba wa nyuma. Akasema, "Nilikosea, mama. Ungeviacha viseme." Sikuvichimbua.

Halafu nikaletwa hapa. Binti yangu alinidanganya kwamba ni kikundi cha kuweka akiba! Nikakaa mlangoni, nikasikia mmoja wenu anasema mambo yaliyompata miaka ile, na hakuna aliyeinamisha kichwa. Sikuwa nimewahi kuliona hilo. Watu wanasema na watu wanawatazama. Nikarudi Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata.

Na kuna ndugu mmoja kati yenu aliyevaa sare miaka ile. Alisema hapa mbele yetu kwamba naye aliogopa kila siku, na kwamba yapo aliyoyafanya yanayomrudia usingizini. Siku ile nilitaka kutoka. Nilisimama kabisa, mkono upo kwenye kitasa. Sikutoka. Baadaye nikamwambia kwamba nina vitu vimezikwa na sina nguvu ya kuchimba. Alikuja na jembe. Kopo lilikuwa limekula kutu, koleo imeganda, chuma cha lehemu kizima. Nikatoa ile redio chini ya kitanda. Mikono yangu ikatetemeka, kama mnavyoiona, na macho yangu sasa ni yale ya bwana wangu Mhindi. Nikamwambia huyu ndugu ashike tochi. Alishika jioni nyingi. Nilipochoka aliizima, nilipoanza tena aliiwasha.

Namshukuru yeye. Namshukuru mwenyekiti wetu aliyenisubiri bila kunisukuma. Namshukuru binti yangu mwongo. Namshukuru Habuba huko alipo, ambaye alitengeneza nafasi kabla sijaomba, na ninamwomba radhi kwa kusimama mbali. Na namshukuru mama yangu kwa hasira yake, kwa maana bila hiyo ningeendelea kutazama beseni.

Kama kuna neno la kuwaachia ni hili. Mimi nilingoja miaka na miaka hofu iniondoke ndipo nianze kuishi. Haikuondoka. Siku ile ukutani nilisema huku naogopa, na redio hii nimeitengeneza huku naogopa. Kwa hiyo wewe unayengoja upate nguvu ndipo useme, njoo ukiwa unatetemeka hivyohivyo. Sisi tutakutazama usoni.

Haya, mzee wa kofia, sasa unaweza kuangalia. Ndiyo hii. Kifuniko cha bati kipo, nimekirudishia, haitampigia filimbi jirani. Betri ni mpya, hazikuanikwa. Ndugu wa tochi, njoo uiwashe wewe, mimi mikono imechoka. Na dada, hiki kiti chako naomba unirudishie kule mbele. Nataka nisikie vizuri.